Vipimajoto vitatu, kiini kimoja: wiki ya sita

Mradi ulianza na programu moja ya kupima joto la chumba. Nikainakili kwa ajili ya tangi la samaki, kisha nikainakili tena kwa ajili ya kiatamio cha mayai. Tangu hapo kila nakala imeshika njia yake.

Kihisi cha joto ninachotumia, DS18B20, kina kituko: ukikisoma mara tu kinapowashwa, kabla hakijamaliza kupima, kinakupa nyuzi 85. Kwenye programu ya chumba nililiziba hilo tundu zamani. Juzi umeme ukakatika, uliporudi kiatamio kikasoma 85, relei (swichi ya umeme inayoendeshwa na programu) ikazima taa ya kupasha joto na kengele ikaniamsha saa nane usiku. Dawa nilikuwa nayo, ila kwenye nakala nyingine.

Basi kunakili nimeacha. Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliandika kuhusu familia za programu tangu 1976: chunguza kwanza yanayofanana, ndipo uangalie kila moja inatofautiana wapi. Kusoma kihisi na kuchuja namba mbovu vimeingia kwenye kiini, yaani msimbo mmoja unaotumiwa na programu zote tatu. Kwenye tofauti ndiko nilikotaka kujiharibia, maana nilitamani kila kitu kiwe cha hiari. Swichi 10 za ndiyo au hapana ni programu 1,024. Mimi ninazo tatu! Nimebakiza nne: skrini, relei, kengele, vihisi vingi. Hizo ni 16, na kwa sharti kwamba relei haiwekwi bila kengele, zinabaki 12.

Leo nimeupima usanifu kwa visa, yaani mabadiliko ya kujaribia, kwa kuiga ATAM, njia ya kutathmini usanifu wa programu kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon (wao hukusanya wadau chumbani, mimi ndiye wadau wote). Kuongeza kihisi cha unyevu: faili 2 za kubadilisha. Kuondoa skrini: faili 7! Kumbe kichujio, tena ndani ya kiini, kilikuwa kinaita skrini.andika("Hitilafu") moja kwa moja. Sasa kinatangaza hitilafu tu, anayehusika asikilize.

Kilichonisumbua zaidi ni lini tofauti iamuliwe. Ikiamuliwa wakati wa kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu ya kupakia kwenye kifaa), kumbukumbu inaokolewa na hakuna wa kuizima kengele kwa bahati mbaya, ila kila badiliko linadai kupakia programu upya. Relei na kengele nimeziamua huko, wakati wa kukompaili. Joto la kiatamio, 37.5, linasomwa kwenye faili ya mipangilio.

Kesho nahamisha programu ya tangi. Ya kiatamio siigusi mpaka mayai yaliyomo yaanguliwe.