Kumwekea mzazi Bitwarden bila kumfungia nje

Mama anayetumia jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa kama nywila kila mahali hahitaji somo la usalama. Anahitaji mtu wa kukaa naye na simu yake mkononi.

Bitwarden ni programu huria ya kutunza nywila zako zote mahali pamoja, na toleo la bure halina kikomo cha nywila wala vifaa. KeePassXC, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo ni nzuri, ila hifadhi yake ni faili unalolihamisha mwenyewe kati ya simu na kompyuta. Wawili wakilibadilisha kwa pamoja, mnabaki na nakala mbili zinazopingana. Hiyo waachie wapenda kompyuta.

Nywila kuu, ile inayofungua Bitwarden yenyewe, iwe na herufi 12 au zaidi. Fungua kamusi popote, okota maneno matano yasiyohusiana, kwa mfano kijiko-mvua-fundi-nanasi-reli (usitumie haya). Aandike mwenyewe kwenye karatasi, ikae pamoja na hati ya kiwanja. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini. Bitwarden hawawezi kumkumbushia, kwa kuwa hawanayo.

Mtego mkubwa huja akinunua simu mpya. Kama hajawasha uthibitishaji wa hatua mbili (kuombwa uthibitisho wa pili baada ya nywila), Bitwarden hutuma msimbo kwa barua pepe kabla ya kumruhusu kuingia kwenye kifaa kipya. Sasa, kama nywila ya barua pepe imo humohumo Bitwarden, basi ufunguo umefungiwa ndani. Iandike nayo kwenye karatasi ileile. Akiwasha hatua mbili, ongeza msimbo wa kurejesha akaunti.

Kwenye Android, ingia mipangilio, tafuta “kujaza kiotomatiki”, uchague Bitwarden. Kisha izuie Chrome isiulize tena kuhifadhi nywila. Ukiruka hatua hii, Chrome itahifadhi nywila mpya, Bitwarden itabaki na ya zamani, na utapigiwa simu kuambiwa kidude chako kimeharibika.

Nywila za zamani Chrome huzitoa kwa faili la CSV, ambalo yeyote akilifungua anazisoma zote. Likishaingizwa Bitwarden, lifute, hata kwenye tupio. Usilitume WhatsApp hata kwa dakika moja.

PIN ya M-Pesa ibaki kichwani. Menyu ya *150*00# haijazwi na programu yoyote.

Mwisho, kufungua Bitwarden kwa alama ya kidole. Ni raha, lakini ndiyo inayomsahaulisha nywila kuu. Kila ukimtembelea, mtoe kwenye akaunti, aingie tena kwa kuandika, karatasi ikiwa karibu.