Nilivyochagua Honda VFR800 iliyotumika kwa foleni ya Dar na safari za Iringa

Nilihitaji pikipiki moja ifanye kazi mbili: asubuhi ipenye foleni ya Mbezi kwenda mjini, na mwisho wa wiki ivute hadi Iringa na mizigo bila kunivunja mgongo. Nilianza kwa kukata zile zinazopendwa na macho. CBR600RR na wenzake wa mbio ni tamu, lakini usukani uko chini, uzito wa kiwiliwili unaishia viganjani, na nguvu yenyewe iko juu kabisa ya mita ya mizunguko. Kwenye foleni huko hufiki. Unaambulia joto la mapajani na mkono wa klachi unaouma.

Yamaha FZ6 ilidumu kwenye orodha yangu. Mkao wake ni wa wima, tangi lita 19.4, ila injini yake asili yake ni R6, pikipiki ya mbio ya Yamaha, kwa hiyo ukiwa na mzigo kwenye mlima wa Kitonga inabidi ushushe gia mbili ndipo ulipite lori. Suzuki SV650S inavuta vizuri chini, na za kuanzia 2003 hazina kabureta, bali injeksheni. Nilichoiachia ni shokapu za mbele, laini mno ukipakia abiria.

Nikaishia VFR800 ya kati ya 1998 na 2001. Injini ni V4 (silinda nne kwa umbo la V) ya cc 781, tangi lita 21, stendi ya katikati inatoka nayo kiwandani, eksozi ni moja na iko chini. Kwa kilomita 17 au 18 kwa lita, unaenda kilomita 300 kabla ya kuanza kutafuta kituo. Dar hadi Morogoro ni kama 190 tu. Za kuanzia 2002 zina VTEC, mfumo wa Honda wa kuongeza valvu zinazofanya kazi mizunguko ikipanda, na eksozi mbili chini ya kiti. Zinavutia, lakini joto linapanda kwenye kiti na mabegi, na kucheki tapeti, yaani nafasi za valvu, kunakuwa kazi ndefu zaidi. Nikaziacha bila kujuta.

Sasa ukaguzi. Muuzaji aambiwe mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwanza. Kama ina moto, kuna kitu kinafichwa: ugumu wa kuwaka, au kelele zinazopotea oili ikishapata moto. Mlio mwembamba wa gia usikutishe, kwani VFR ya miaka hiyo haina mnyororo wa kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Gia ndizo zinazoizungusha.

Sasa umeme, maana hapo ndipo pikipiki hizi zinapoaibisha wenyewe. Stata, yaani koili za kuzalisha umeme kwenye injini, hutoa umeme wake wote muda wote injini inapozunguka, na ule usiohitajika regyuleta, kidhibiti cha volti ya kuchaji, huugeuza joto. Regyuleta yenyewe imefichwa mkiani, pasipo na upepo wa maana. Soketi nayo ikianza kushika kutu, upinzani unapanda, plastiki inapata moto, pini zinalegea, na upinzani unapanda tena. Mwisho betri inakufa njiani. Dalali yeyote atakwambia ni betri tu.

Beba multimita ya bei ndogo. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Washa, weka taa full, vuta resi hadi mshale wa mita ya mizunguko usimame 5,000: unataka kati ya 14 na 15. Chini ya 13.5 haichaji, ikizidi 15.5 regyuleta imeshindwa na betri itachemka. Kipimo hiki usikifanye mara moja ukaridhika. Iache kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila resi, hadi feni ya rejeta iwake, kisha pima tena, kwa sababu regyuleta inayokufa mara nyingi hufanya vizuri ikiwa baridi na kuanguka ikipata moto.

Usomaji ukiwa mbaya, tafuta soketi ya nyaya tatu za njano. Nyeupe ni salama. Ikiwa kahawia kama chai iliyokolea, imeshaungua. Ichomoe, pima upinzani kati ya nyaya mbili mbili: mara zote tatu iwe chini ya omu moja, na zilingane. Kisha kila waya na bodi ya pikipiki: kusiwe na mawasiliano yoyote. Washa injini, weka multimita kwenye AC (umeme wa mkondo geu), na kwa mizunguko 5,000 kila jozi itoe zaidi ya volti 50, zote sawasawa. Zikilingana, stata ni nzima na mgonjwa ni regyuleta au nyaya, kazi ya asubuhi moja. Zisipolingana, unafungua kava la kushoto, unatafuta stata na gasketi yake. Hizo ni bei mbili tofauti, nawe ujue unajadili ipi.

Breki zake za mbele na nyuma zimeunganishwa, na mafundi wengi wa bodaboda hawajawahi kuzikuta. Ukibana ya mbele, kalipa (kishikio cha pedi za breki) ya kushoto inasukumwa na mzunguko wa tairi, inabonyeza pampu ndogo iliyo juu yake, na pampu hiyo inapeleka mafuta nyuma. Ipandishe stendi ya katikati, mtu azungushe tairi la nyuma, wewe sukuma kalipa ya kushoto ya mbele kwa mkono kuelekea juu. Tairi la nyuma lisimame, na ukiachia lizunguke huru mara moja. Likibaki limeshikwa, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye pampu ile kimeziba. Usikubali kauli ya kwamba “itajiachia yenyewe”. Breki inayoshika barabarani hupata moto hadi tairi linafunga.

Mengine ni ya haraka. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye tairi ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la nyuma ni 180/55-17, halipatikani kila duka, basi lililochoka likatwe kwenye bei. Likamate juu na chini ulitikise: likicheza, beringi za mkono mmoja unaoshika tairi la nyuma zimekwisha. Namba ya chesisi ilingane na kadi ya TRA, na malipo yasubiri ubadilishaji wa umiliki. Kama ina HISS, kinga ya wizi inayotambua chipu ya funguo, dai funguo zote.

Robo ya bajeti sikuipeleka kwa muuzaji. Ilinunua regyuleta ya mosfeti (aina ya transista), modeli ya FH020AA, ambayo nilifunga kwa nyaya nene zenye fyuzi yake hadi kwenye betri, na zile tatu za njano nikaziunga kwa risasi badala ya soketi. Kisha mafuta ya breki ya DOT 4, maji ya rejeta, na cheni na sproketi kwa pamoja. Cheni mpya kwenye sproketi za zamani hulika upesi.

Kwa safari, mabegi ya kitambaa yalitosha, la upande wa eksozi nikiliinua lisiiguse. Upepo ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Taa nilishusha kidogo, maana mzigo nyuma unaiinua. Karibu na mita nilibandika kipima volti kidogo: hadi Mikumi kilisoma 14.1, kwenye matuta ya hifadhini feni ilipowaka kikashuka 13.6, na nje ya matuta kikarudi.