Samaki wangu wa mpira walivyokula boksi

Wiki iliyopita nimefungua boksi langu la uvuvi baada ya miezi kama minne hivi, nkakuta msiba. Wale samaki wa mpira, vile vichambo laini vyenye mkia unaotikisika, shemeji yangu kanletea kutoka Muscat pakti saba, rangi tafauti, na mie kwa kujifanya fundi nikawatoa wote kwenye pakti zao nkawapanga vizuri kwenye boksi la plastiki gumu la kung'aa, lile lenye vyumba vyumba. Nilivyowapanga nikapiga na picha kabisa. Sasa nafungua, kifuniko hakitaki, navuta, kinatoka na nyuzi nyuzi kama ubani uliotafunwa. Chini ya boksi kumeyayuka, samaki wamezama ndani ya plastiki, weupe wamekuwa zambarau kwa sababu walilala na weusi, na wawili watatu wamegandana wakawa donge moja hujui kichwa kipi mkia upi.

Mie wa kwanza kumlaumu ni joto. Boksi lilikuwa banda la uani, mabati juu, na kaskazi yote ile si mchezo. Ami yangu ambae anavua na ngalawa hapa Nungwi tokea mie sijazaliwa akalitazama lile donge akacheka, akanambia "mwanangu, hawa wamekulana wenyewe kwa wenyewe". Nikaona anantania tu. Kumbe kasema kweli.

Nilikaa usiku na simu nasoma mpaka bando likaisha. Iko hivi. Vichambo hivi vingi ni PVC, ndio ileile ya mabomba ya maji, ila bomba ni gumu na samaki huyu ni laini kwa sababu kawekwa dawa ya mafuta mafuta ya kumlainisha, na amewekwa nyingi. Ile dawa haijashikana na plastiki moja kwa moja, inatoka polepole, ndo maana ukimshika mkono unateleza. Sasa ikigusa plastiki nyengine inaingia, na plastiki ngumu ya kung'aa, polistairini, ile ukiikunja inavunjika kah!, hiyo inalainika mpaka inayayuka. Joto linaharakisha tu, lakini hata ungeweka kwenye kivuli ingetokea, labda ningepata mwezi mmoja zaidi. Rangi nazo zinasafiri na mafuta hayohayo, kwa hivyo mweusi akilala na mweupe basi mweupe ndo kesha, na hakuna sabuni ya kumtoa.

Na wale waliogandana donge ni kisa chengine. Kuna aina mpya si PVC, wanaziita TPE, ukimvuta anavutika mpaka unashangaa na anaelea majini. Hao na wa PVC hawakai chumba kimoja hata siku moja, wakigusana wanayayushana. Mie nilikuwa na pakti moja ya hao, nikawachanganya na wenzao kwa sababu rangi zimefanana. Yaani nilifanya kila kosa linalowezekana halafu nkapiga na picha.

Sasa wakae wapi? Kwenye pakti walizokuja nazo, basi. Ile pakti unayoichana na kuitupa ndio nyumba yao, plastiki yake imechaguliwa isiliwe, yale mafuta yenye harufu ya ndani yanabaki, na wakija na kile kitako cha kuwashikilia mikia usikitoe. Pakti zisimamishe kwenye boksi kama madaftari, usizibananishe. Kama lazima uwatoe, pindua chombo utazame chini, kuna pembetatu ina namba. 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini, hizo zinavumilia. 6 ndio polistairini, iache ikae na pini za mke wako. Mie nshapata vikopo viwili vya aiskrimu vina 5 na mpaka sasa salama, PVC kopo lake, TPE nimewarejesha kwenye pakti yao.

Kilichonchekesha zaidi ni hichi. Ami yeye chambo chake cha kukokota anafuma mwenyewe na nyuzi za kiroba cha mchele, anazichambua, anafunga kwenye ndoana, kolekole wanakuja mbio. Nikamwambia ami, kiroba hicho nacho ni polipropilini, namba 5! Akanijibu yeye hajui namba, anajua mchele umeisha.

Kwenye vespa msiweke kitu, chini ya kiti mule ni jiko. Jua nalo linawapausha. Ukitoka baharini usimrejeshe samaki mwenye maji ya chumvi kwenye pakti, msuuze maji baridi, mkaushe kivulini, na ile ndoana yenye kichwa cha risasi itoe, ikae mbali, kwanza itapata kutu imtie madoa, pili rangi ya kile kichwa nayo italiwa kama boksi. Nina samaki wawili wa mbao waliopakwa rangi, walikuwa jirani na hawa, ubavu mmoja umebaki mbao tupu.

Katika pakti saba nimeokoa kama mbili na nusu. Wale ambao mikia imejikunja tu hawajayayuka, unachemsha maji, unayaepua, unamtia kidogo akilainika anarudi mwenyewe kama alivyozaliwa, unamlaza kwenye kigae cha sakafu mpaka apoe. Mkia ukiwa umejikunja haogelei, anajizungusha tu na mshipi wako unasokotana.

Ila nilitumia sufuria ya chai. Mama watoto akainusa, hakusema kitu, akaiweka mlangoni pamoja na viatu vyangu. Nimekwenda sokoni Darajani kununua nyengine, na ile ya zamani sasa yangu, kaiandika kwa rangi ya kucha SAMAKI, herufi kubwa, pande zote mbili.