Saa ya Meku

Tangu Jumanne kuna neno moja limenikaa kooni. "Huyu."

Nilipeleka picha ya babu yangu, Meku, studio, pale karibu na stendi ya Moshi, isafishwe na kutiwa fremu mpya. Mnaijua: sare ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), kofia ya ukingo mpana iliyokunjwa upande mmoja, nyuma pazia lililochorwa ngazi za kasri, mkono wa kushoto juu ya kiti, na ile saa. Kijana akaikuza kwenye kompyuta, akaguna.

"Mama, hii saa ya studio."

"Umejuaje?"

"Ona mkanda. Umefungwa tundu la mwisho na bado unaning'inia. Huyu aliambiwa aweke mkono hapo ili saa ionekane."

Huyu! Mimi kanipa shikamoo, babu yangu kawa huyu. Nimemjibu nikiosha vyombo, nimemjibu kwenye daladala, nimemjibu hata kanisani wakati Neema wetu anapakwa mafuta ya kipaimara.

Na kinachouma ni kwamba kasema kweli. Wapiga picha walikuwa na vitu vyao vya kuwapambia wateja. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako kule Mali, alikuwa na saa, kalamu, redio, mpaka Vespa. Ukitoka na saa mkononi, wa nyumbani wajue umekuwa mtu wa kazi na mshahara. Sasa Baba na Baba Mdogo, miaka yote ile ya kununiana kwamba nani kaficha saa ya Burma, ile tuliyodhani Meku alirudi nayo vitani! Juzi usiku nilicheka peke yangu gizani mpaka Baba Neema akauliza kama naumwa.

Kabla sijaondoka studio nilimwomba kijana akuze begani, pale tulipozoea kusema ni doa la unyevu. Ikatokea pembe, halafu sikio. Kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliokanyaga matope ya bonde la Kabaw, kule Burma, mwaka 1944 wakielekea Kalewa. Kijana akaacha kubofya.

"Hii sasa ni ya mzee mwenyewe," akasema.

Mzee. Nalo nilisikia, ila sikuondoka nalo.

Kina Baba sijawaambia. Picha nitaichukua Ijumaa, na kwa upepo huu wa leo nawaza ule mgomba uliolalia bati la jirani. Nguzo niliyouwekea imeanza kupinda.