Mlango wa Tano

Jumapili, usiku

Nimetoka kuisikiliza opera ya mtunzi Mhungaria Béla Bartók, Kasri la Bwana Ndevu-Buluu, na usingizi umenipaa. Ni opera ya saa moja hivi, yenye waimbaji wawili tu. Judith amewaacha wazazi na mchumba wake, akamfuata Ndevu-Buluu, mwanamume anayesemwa vibaya na watu. Kasri lake lina giza, kuta zinatoka maji, na milango saba imefungwa. Judith anataka yote ifunguliwe mwanga uingie.

Katika hadithi ya Ndevu-Buluu aliyoichapisha Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, mke anakatazwa chumba kimoja, anakifungua, na kaka zake wanawahi kumwokoa. Hapa hakuna kaka wa kuja. Béla Balázs, aliyeandika maneno kwa mwendo wa tenzi za kale za Wahungaria, amebakiza watu wawili wanaopendana, na funguo anazitoa mume mwenyewe. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaomlaumu Judith kwa udadisi. Nani ahamie nyumba inayolia, asiulize?

Chumba cha mateso, ghala la silaha, hazina, bustani: kote ameona damu, na kila aionapo, okestra inakwaruza noti mbili zilizobanana. Halafu unafunguka mlango wa tano. Nchi nzima ya Ndevu-Buluu iko mbele yake, na okestra yote inanguruma pamoja na kinanda kikubwa cha mabomba. Mwili ulinisisimka. Naye Judith anajibu kwa sauti kavu, bila ala yoyote kumsindikiza, kwamba nchi ni nzuri na kubwa. Basi! Mume amemwonyesha fahari yake yote, lakini mke amekwisha kuona mengi mno, fahari haimwingii tena. Sijasikia huzuni ya ndoa ikielezwa vizuri kuliko hapo.

Bartók aliitunga mwaka 1911, akiwa na miaka 30, akamtabarukia mkewe kijana, Márta Ziegler. Ilikataliwa katika shindano, ikangoja hadi Mei 1918 kuonyeshwa Budapest. Balázs, aliyekuwa upande wa mapinduzi ya kikomunisti ya Hungaria ya 1919, alikimbilia uhamishoni yaliposhindwa, na kwa sababu hiyo nchi yao haikuiona tena opera hii jukwaani hadi 1936.

Nyuma ya mlango wa sita kuna ziwa la machozi. Nyuma ya saba wamo wake watatu wa zamani, wangali hai: wa asubuhi, wa mchana, wa jioni. Judith anavishwa joho na taji, anaungana nao nyuma ya mlango, anakuwa mke wa usiku.

Wapo wanaosema angekomea mlango wa tano, akabaki na nchi ile nzuri. Mimi nasema hapana. Hata pale mlangoni, kabla hajaomba ufunguo mwingine, aliona mawingu yakiangusha kivuli cha damu juu ya nchi hiyo hiyo. Angeishije chini yake akijifanya hajaona?