Baridi ya Mafinga na shimo jeusi

Jana usiku umeme ulikatika hapa Mafinga. Julai hii ya kukata masikio! Tukajikusanya jikoni kuota moto. Mdogo wangu, anayeingia kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), akauliza: "Dada, hivi kuna kitu cha baridi kuliko huku?"

Nikamwambia shimo jeusi, lile gimba la angani lenye mvutano mkali hata mwanga hauchomoki. Lenye uzito kama wa Jua letu, jotoridi lake halifiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, kama nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Anga tupu lenyewe lina kama nyuzi 2.7 juu ya hiyo sifuri, yaani shimo ndilo linaloota moto kwa ulimwengu! Na kadiri linavyokula ndivyo linavyozidi kupoa. Jiko letu hatulilishi kwa matumaini hayo.

Kinachonimaliza mimi ni kanuni ya jotoridi hilo, ya mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking, ya 1974. Konstanti ya mvutano ya Newton, kasi ya mwanga, konstanti ya Planck (ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa) na ya Boltzmann (ya joto), zote nne kwenye mstari mmoja. Mvutano, kwanta na joto, ndugu wasiosalimiana, wamekalishwa mkeka mmoja. Mpaka kwenye jiwe la kaburi lake London imechongwa.

Nikaichora kwa mkaa sakafuni. Dogo akaitazama weee, kisha: "Sawa dada, ila huo mkaa ndio wa mwisho."