Tunashika fungu, tunaacha mzigo

Juzi tukiwa kwa foleni ya matatu pale mjini, rafiki yangu wa kazini akaniuliza, kwani nyinyi Waislamu mnataka sheria gani, ya Kenya ama ya Mungu? Sikumjibu vizuri na hilo swali limenikaa kichwani tangu hio siku.

Wengi wakiskia sharia wanafikiria kukatwa mikono. Lakini Korti ya Kadhi, ile inayotumia sharia kwa Waislamu hapa Kenya, haigusi jinai kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeiachia mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi basi, na hapo pia lazima wote kwenye kesi wawe Waislamu na wakubali kuhukumiwa hapo. Na si kitu cha juzi, 1963 ule ukanda wa Pwani wa Sultani wa Zanzibar ukiunganishwa na Kenya, Kenyatta aliahidi kwa maandishi kwamba makadhi watabaki.

Shida iko kwa usawa. Katiba inasema binadamu wote ni sawa, alafu kifungu cha 24 kinaruhusu usawa huo upunguzwe mbele ya Kadhi, lakini pale tu inapobidi kabisa. Sasa nani anaamua inapobidi? Juni 2025 Mahakama ya Juu ikaamua watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanaweza kumrithi baba yao Mwislamu, kuwanyima ni ubaguzi. Wallahi niliumia, manake mafungu ya mirathi yako kwa Qurani, Suratun Nisaa, hayakupitishwa na bunge, na jaji hawezi kuyapima kama anavyopima sheria ya trafiki.

Lakini nikakaa nikafikiria. Dini hiyohiyo imemwachia baba mpaka theluthi ya mali yake aandike wasia kwa asiye mrithi. Ni wangapi kwetu wanaandika? Baba angeandikia yule mtoto, huyo mtoto angetafuta nini kortini?

Na si hao tu. Babu alipofariki mali iligawanywa nyumbani na sheikh wa familia, mjomba akapata mafungu mawili, mamangu mdogo moja. Hakulalamika hata kidogo. Madrasa tulifundishwa mwanamume anapata zaidi sababu ana mzigo wa nafaqa, yaani kulisha na kutunza familia, na kwetu dada akiachika ndugu yake ndiye wa kumtazama. Akaachika miaka miwili baadaye, na watoto watatu, mjomba simu hashiki. Akisema aende kwa Kadhi wazee wanamwambia usiaibishe familia, na korti ya serikali ndio hata asiitaje, ati ni kama ametoka kwa dini. Sasa lile neno la katiba, wakubali, kwake lina maana gani?

Wale wa haki za wanawake wangemwambia shida ni hesabu, angepewa sawa na kaka yake. Nilimuuliza hivyo, akakataa kabisa. Aliniambia, "Mimi sitaki fungu lake, nataka akumbuke lile la pili alipewa kwa nini."

Huyo rafiki yangu nikimpata kesho nitamwambia nataka sharia, lakini yote, pamoja na ule upande unaomdai mjomba. Hio ndio sijaskia ikihubiriwa Ijumaa hata moja mwaka huu, na mamangu mdogo kodi ya mwezi huu bado hajalipa.